Weupe wa Ncha za Kucha



Ukitoka Arusha kwa Barabara Kuu ya Kaskazini, ukapita Makuyuni, Minjingu na Magugu, utafika Babati, mji wenye ziwa la viboko, na miongoni mwa kata zake iko moja iitwayo Sigino. Hiyo ni nchi ya Wagorowa na Wairaqw, mbali kabisa na mawimbi yetu. Huko niliitwa mazikoni, kwa binti wa ukoo wetu wa Tanga aliyeolewa bara. Usistaajabu kuona nakuletea habari za kucha na kuanza na habari za maziko, kwani ndipo nilipolazimika kuzijua.

Usiku ule wanawake waliokuwa wakimwosha marehemu walituma mtu nje kuulizia dawa ya kutolea rangi. Kucha zote kumi za yule binti zilipakwa rangi ya waridi hafifu, na kwenye ncha ukapigwa mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka. Alipakwa kwa ajili ya harusi ya shoga yake, na ajali haina kinga. Maduka yalikwisha fungwa. Basi mama mmoja mwenye asili ya Kondoa akachukua wembe akakwangua, ukucha baada ya ukucha, taratibu, asije akamjeruhi maiti. Nasi tuliokuwa barazani tukangoja karibu na alfajiri. Hakuna aliyesema neno baya. Lakini mimi niliondoka na swali: mstari ule mweupe umetoka wapi hata ukafika Sigino?

Watu huuita mtindo wa Kifaransa. Kwa hakika haukuzaliwa Ufaransa. Rangi ya maji ya kucha kama tuijuavyo ilianza kuuzwa Marekani na kampuni ya Cutex mwaka 1917, na miaka ile ya mwanzo ilikuwa na udugu na rangi za kupakia magari: dawa inayokauka na kuacha utando mgumu, unaong'aa. Kampuni ya Revlon ikafuata mwaka 1932 na rangi nzito zaidi. Wanawake wa Ulaya na Marekani wa zama hizo wengi wakipaka katikati tu, wakiuacha mwezi wa shinani na ncha bila rangi. Wengine walikuwa na kalamu nyeupe ya kupitisha chini ya ukucha ili ncha ionekane safi.

Mtindo wenyewe huhesabiwa kuwa ni kazi ya Jeff Pink, mwanzilishi wa kampuni ya ORLY ya Los Angeles, katika miaka ya 1970. Watu wa sinema za Hollywood walikuwa na taabu: mwigizaji akibadili gauni, rangi ya kucha nayo ibadilishwe, na muda unapotea. Akawatengenezea sura moja ya kufaa nguo zote, waridi hafifu chini na nyeupe juu. Kisha akaupeleka Paris kwenye maonyesho ya mavazi, na aliporudi akauita wa Kifaransa. Ni jina la biashara tu, kama tulivyozoea kuambiwa kitambaa ni cha Ulaya kumbe kimefumwa kwingine.

Kwetu Tanzania, mwaka 1983 hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984, vipodozi navyo vikapata njia, na Dubai ikawa soko la wafanyabiashara wetu. Siku hizi lami imekwisha ungana kutoka Arusha hadi Dodoma kupitia Babati, na vijana wanaume wanatembea mitaani na vikapu vya vichupa, wakipaka kucha za wanawake vibarazani. Hapo, msomaji wangu, mimi nina neno: mkono wa mke wa mtu kukaa robo saa katika kiganja cha kijana asiye maharimu wake, na mumewe akatoa fedha, ni jambo ambalo bibi zetu wasingelifahamu.

Bibi zetu nao walipamba kucha. Majani ya mhina yalitwangwa, yakachanganywa na ndimu, na bibi harusi akapakwa viganja, nyayo na ncha za vidole, naye somo yuko pembeni akimfunda. Lamu na Pate wakaongeza piko, nyeusi, kwa maua. (Piko la siku hizi mara nyingi ni unga wa kutia nywele weusi, nao umewababua wengi, tahadhari.) Tena hina ya ukucha haifutiki, inaondoka na ukucha wenyewe. Ukucha hukua kiasi cha milimita tatu kwa mwezi, basi weupe ukaanza shinani, wekundu ukasukumwa kwenda nchani, na mtu mzima akikutazama mkono alijua harusi yako ina miezi mingapi.

Sasa tazama tofauti. Hina ni rangi iliyoingia ndani ya ukucha. Ukisha bandua majani, maji yanaufikia. Rangi ya chupa ni utando juu ya ukucha, na maji yanapita juu yake. Wanazuoni wetu wa Kishafi wamelieleza hili zamani: kitu chenye mwili kinachozuia maji kiondolewe, rangi tupu haidhuru. Na katika hadithi aliyoipokea Muslim imo habari ya mtu aliyetawadha akaacha pahala pakavu mguuni mwake, kiasi cha ukucha tu, Mtume (S.A.W.) akamwamrisha arudi akatawadhe vizuri. Kiasi cha ukucha! Mwaka 2013 zilienea habari za rangi ya kampuni ya Inglot ya Poland, isemwayo kwamba hupitisha hewa na maji. Wako waliofurahi, wako wanazuoni waliosita, na mimi ni katika waliosita, kwani hewa kupita si sawa na maji kufika.

Liko na jingine. Tumefunzwa kukata kucha, na Anas (R.A.) amepokea kwamba zisiachwe zaidi ya siku arubaini. Uzuri wote wa mtindo huu umewekwa juu ya kile kipande kinachotakiwa kukatwa, na asiye na kipande hicho hununua cha bandia, akakigandisha kwa gundi ambayo wembe wa yule mama usingeliiweza.

Mwaka uliofuata nilipita tena Sigino, nikamwamkia. Katika mkoba wake wa kuoshea, pamoja na kafuri, pamba na mkasi, sasa mna chupa ndogo ya dawa ya kutolea rangi. Aliniambia ameshaitumia mara tatu.