Kununua nyumba Eastlands: Maswali ya kisheria ambayo mnunuzi hana budi kuyauliza

MTAA wa Kariokor jijini Nairobi ulirithi jina lake kutoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918. Zaidi ya karne moja baadaye, wakazi wa mtaa huo, sawa na wenzao wa Ziwani, Shauri Moyo na Kaloleni, wangali wanaishi katika nyumba ambazo mwenyewe ni Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Ukisonga mashariki hadi Buruburu, Umoja na Kayole, utakuta nyumba za watu binafsi. Baadhi zina hatimiliki, nyingine zina karatasi za kila aina.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mnunuzi wa Eastlands si bei. Ni hili: je, huyu anayeniuzia anamiliki nini hasa? Anayelipuuza huenda akapoteza akiba ya miaka 20 kwa siku moja. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa mara kwa mara na majibu yake kwa mujibu wa sheria za Kenya.

Je, naweza kununua nyumba ya kaunti Kariokor?

La, si kutoka kwa mpangaji. Anayeishi humo ana haki ya upangaji tu, nayo inatokana na mkataba baina yake na kaunti. Hawezi kuuza asichomiliki. Ukimpa fedha ili akuachie ufunguo na mahali pake, hujanunua nyumba. Siku kaunti itakapokagua orodha ya wapangaji wake au itakapoamua kuujenga upya mtaa, jina lako halitakuwamo, na karatasi mliyotiliana sahihi haitakupa umiliki.

Wazazi wangu wameishi humo miaka 40. Je, haijawa yetu?

Ipo kanuni inayomwezesha mtu aliyekalia ardhi ya mwingine kwa miaka 12, waziwazi na bila idhini, kudai umiliki mahakamani. Hata hivyo, kanuni hiyo haimfai mpangaji wa kaunti, kwa sababu mbili. Kwanza, aliingia kwa idhini na amekuwa akilipa kodi. Pili, Sheria ya Muda wa Kuwasilisha Kesi hairuhusu ardhi ya umma kuchukuliwa kwa njia hiyo, hata miaka ikiwa mingi kiasi gani.

Muuzaji ana barua ya kugawiwa ploti au cheti cha hisa. Vinatosha?

Havitoshi. Barua ya kugawiwa ploti ni ahadi yenye masharti. Aliyepewa sharti akubali kwa wakati, alipe ada zilizotajwa, kisha asajiliwe. Mnamo 2023, katika kesi baina ya kampuni ya Torino Enterprises na Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba barua hiyo peke yake haimpi mtu umiliki anaoweza kumuuzia mwingine.

Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi nacho huonyesha kwamba mtu ni mwanachama. Mpaka ploti yake ipimwe na kusajiliwa kwa jina lake, mnunuzi ananunua matumaini. Cheti kimoja pia kinaweza kuuzwa kwa watu watatu, wala afisi ya ardhi isijue.

Ikiwa ana hatimiliki, je, niko salama?

Uko karibu na usalama, lakini hujafika. Fanya upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi. Jijini Nairobi, upekuzi unaweza kufanywa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Matokeo yataonyesha jina la mwenye mali, iwapo kuna mkopo wa benki, na iwapo kuna zuio lililowekwa na mtu au mahakama. Usikubali nakala ya upekuzi uliofanywa na muuzaji. Fanya wako, na uurudie kabla ya kulipa salio.

Baada ya hapo, chunguza asili ya hatimiliki yenyewe. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaitambua hatimiliki kuwa ushahidi wa umiliki, lakini inaruhusu ibatilishwe ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kwa njia haramu au kwa ufisadi. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 nacho hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Katika uamuzi wa Aprili 2023, kampuni ya Dina Management ilipoteza kipande cha ardhi mjini Mombasa ingawa ilikuwa imekinunua na kusajiliwa. Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba mgao wa kwanza kabisa ulikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilimfuata mnunuzi.

Kwa hivyo mtake wakili wako afuatilie ardhi hiyo tangu ilipogawiwa mara ya kwanza. Ukiona ploti iliyochongwa kutoka kwa uwanja wa shule, akiba ya barabara au ukingo wa mto, jiepushe nayo.

Hatimiliki inasema ni ya miaka 99. Ina maana gani?

Maana yake ni kwamba ardhi imekodishwa na serikali au kaunti kwa muda maalumu. Ikiwa miaka 99 ilianza 1975, itaisha 2074. Unanunua miaka iliyosalia, si zaidi, na benki huizingatia kabla ya kutoa mkopo. Muda unapokaribia kuisha, sheria inampa mwenye kukodi ambaye ni raia wa Kenya nafasi ya kwanza ya kuomba upya. Kadhalika, uhamisho wa ardhi ya aina hii huhitaji idhini ya mkodishaji, pamoja na vyeti vya kuthibitisha kwamba kodi ya ardhi ya serikali na ile ya kaunti zimelipwa. Deni la miaka mingi likisahaulika, mnunuzi ndiye atakayebishiwa hodi.

Muuzaji ameoa, au mwenye nyumba ameaga dunia. Nifanyeje?

Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hakikisha ridhaa hiyo imetolewa kwa maandishi, na si kwa mdomo sebuleni.

Ikiwa mwenyewe amefariki, barua ya chifu haitoi ruhusa ya kuuza. Ni lazima mahakama iwe imeteua msimamizi wa mirathi na kuuthibitisha uteuzi huo. Kabla ya uthibitisho, msimamizi mwenyewe haruhusiwi kuuza ardhi wala nyumba, hata warithi wote wakikubaliana.

Je, mapatano ya mdomo mbele ya wazee yanatosha?

Hayatoshi. Sheria ya Mikataba inataka mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, utiwe sahihi na pande zote na ushuhudiwe. Kwa desturi, mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei kama malipo ya kwanza, na mauzo hukamilishwa katika siku 90. Ni busara fedha hizo zishikwe na wakili mpaka masharti yatimizwe, badala ya kutiwa mkononi mwa muuzaji. Hakikisha wakili ana leseni ya mwaka huo, na usimtumie yule yule anayemwakilisha muuzaji.

Mbali na bei, nitalipa nini?

Ushuru wa stempu katika miji ni asilimia 4 ya thamani ya mali. Kwa nyumba ya Sh8 milioni, hizo ni Sh320,000. Mthamini wa serikali akiona mali ina thamani kubwa kuliko bei mliyoandika, ushuru hutozwa kwa thamani yake. Kuandika bei ya uongo ili kukwepa ushuru ni kosa, tena hukuacha bila ushahidi wa fedha ulizolipa. Ongeza ada ya wakili, ya upekuzi na ya usajili. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ni jukumu la muuzaji.

Na nikinunua nyumba ndani ya jengo la ghorofa?

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inaruhusu kila nyumba katika jengo iwe na cheti chake, pamoja na fungu katika mali ya pamoja kama vile ngazi, maji na uwanja. Uliza kama jengo limesajiliwa chini ya sheria hiyo, na kama ardhi yote bado imewekwa rehani na mjenzi. Ikiwa imewekwa, pata barua ya benki inayoahidi kuiachilia nyumba yako.

Nimekwisha kulipa, kisha nikashuku. Nianzie wapi?

Usingoje. Mwenye mkataba wa kununua anaweza kuomba zuio liwekwe katika sajili ili mali isiuzwe kwa mwingine. Pale penye ulaghai, piga ripoti kwa polisi na uhifadhi risiti, ujumbe wa simu na taarifa za benki. Mizozo ya umiliki husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Lakini kesi huchukua miaka, na mlaghai aghalabu huwa ameshazitumia fedha. Upekuzi hugharimu kiasi kidogo mno ukilinganisha na bei ya nyumba. Muuzaji akikuharakisha ulipe kabla hujaufanya, tayari amekueleza unalohitaji kujua kumhusu.