Land Rover ya zamani: soma chuma mbele ya kulipa

Leo historia tutaisoma tukiwa tumelala chini ya motokari.

Yaya wangu anaishi Liège, Ubelgiji. Tangu utoto anapenda Land Rover. Mwaka jana aliona moja kwenye simu: Série IIA ya 1965, iko Wales, kijani yake inang'aa kama jani la mvua. Muuzaji alimwambia: « Bodi ni aluminiumu, haishikagi kutu. » Yaya akatuma avansi, kiisha akanipigia simu: « Wewe umesoma historia, hayo maneno ni kweli? » Nilimjibu: ni kweli nusu. Na ile nusu ingine njo inakulaka makuta ya watu.

Turudi nyuma kidogo. Vita ya pili ilipoisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na deni kubwa na chuma kilikuwa haba. Serikali ilikigawa kwa kipimo, na kiwanda chenye kuuza ngambo ndicho kilichopewa zaidi. Kampuni ya Rover ilikuwa inatengeneza motokari za watu wenye mali. Soko lake lilikuwa dogo. Maurice Wilks, mkubwa wa mafundi wake, alikuwa anatumia Jeep ya jeshi la Marekani kwenye shamba lake la Anglesey, pale Wales. Mwaka 1947 akafikiri: kwa nini sisi wenyewe tusitengeneze kitu kama hiki, cha mkulima? Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa Amsterdam, Uholanzi. Angalia vizuri: haikuonyeshwa kwanza London. Ilizaliwa ili iuzwe inje.

Juu ya ule uhaba, bodi ilifanywa kwa mchanganyiko wa aluminiumu ulioitwa Birmabright. Lakini shasi ilibaki ya chuma: vipande vya bamba viliunganishwa kwa soda mpaka vikawa kama sanduku refu, tupu ndani. Hapo njo kuna siri. Maji na matope vinaingia ndani ya sanduku, vinakaa, na kutu inaanza kula kutoka ndani. Uingereza na Ubelgiji wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi inaongeza mbio ya ule ugonjwa. Inje rangi ni mpya, ndani mfupa umeoza.

Wenye tulifuata kozi ya kritiki istoriki tunajua: ushahidi haupimwi kwa uzuri wake. Kwanza unauliza umetoka wapi, kiisha unauliza unasema nini. Basi yaya nilimpa kazi mbili.

Ya kwanza ni dokima. Namba ya shasi imegongwa kwenye chuma chenyewe. Ilinganishe na ile ya kibao na ile ya karatasi. Kama zinapishana, simama. Pengine shasi ilibadilishwa, pengine motokari mbili zilifanywa moja. Uliza pia matokeo ya MOT, ndiyo kontrole teknike ya Waingereza. Lakini jua kwamba tangu Mei 2018, motokari iliyopitisha miaka 40, kama haikubadilishwa sana, hailazimishwi tena kuipita. Kwa hiyo muuzaji anaweza kusema « iko sawa na sheria » bila kudanganya, na hakuna fundi aliyeiangalia kwa miaka mingi.

Ya pili ni chuma. Chukua nyundo ndogo, ulale chini, gonga shasi pole pole toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito, kama karatasi. Gonga zaidi boriti ya nyuma, penye kufungiwa remorki, na pale springi zinaposhikwa. Kiisha angalia ule ukuta wa kati ya moteri na miguu ya dereva, juu nao ni wa chuma. Pitisha sumaku: isiposhika, ujue chini ya rangi wamejaza mastiki. Angalia pia popote aluminiumu inapogusa chuma. Maji yakifika hapo, aluminiumu inageuka unga mweupe. Mwisho, dai kwamba moteri iwe baridi unapofika. Moteri iliyowashwa mbele yako inaficha mengi. Moshi wa bluu unaonyesha inachoma mafuta yake.

Kwa jamaa wa Ubelgiji kuna jambo ingine. Miaka ya 1950 kampuni ya Minerva ilitengeneza Land Rover kule kwa ruhusa ya Rover, kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Hizo bodi yake ni ya chuma, na mabawa ya mbele yameinama. Mtu akikuambia ya Minerva haishike kutu sababu ni aluminiumu, weka sumaku tu, itamjibu.

Yaya alipanda boti, akafika Wales na nyundo yake. Karatasi zilikuwa safi, namba zilipatana. Lakini boriti ya nyuma ilitobolewa na turnevisi kama muhogo uliopikwa. Muuzaji hakurudisha avansi. Yaya aliumia, lakini akiba ya miaka minne alirudi nayo.

Aliniambia kosa lake lilikuwa kutuma makuta kiisha kuuliza maswali. Siku hizi wengi wetu tunanunua motokari kwa picha, ikuwe ya Japani, ikuwe ya Dubai. Pale uliko, tafuta kwanza mtu wa kwenda kulala chini yake na nyundo. Umlipe tiketi. Itakuwa rahisi kuliko shasi.