Kihifadhi Katika Dawa: Kisipungue, Kisizidi

Leo tuzungumzie vihifadhi, yaani kemikali zinazozuia viini kuzaliana ndani ya chupa ya dawa.

Januari 1928, mjini Bundaberg, Australia, watoto 12 walifariki baada ya kudungwa chanjo ya dondakoo. Chupa ilikuwa imetumiwa kwa siku kadhaa, viini vikaingia, nayo haikuwa na kihifadhi. Tume ya uchunguzi ikapendekeza chupa za dozi nyingi zitiwe kihifadhi.

Lakini kikizidi, nacho hudhuru. Mwaka 1982, Marekani iliripoti vifo vya watoto njiti 16. Maji ya chumvi yaliyosafishia mirija yao yalikuwa na benzili alkoholi, kihifadhi ambacho miili yao michanga haikuweza kukiondoa.

Ndiyo sababu leo maabara hupima. Katika kromatografia ya kimiminika, mashine husukuma dawa ndani ya mrija mwembamba. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake, kiasi chake kikajulikana.

Nyumbani hatuna mashine hiyo. Basi mama, usiongeze maji katika siropu iliyopungua, utadhoofisha kihifadhi. Dawa ya macho iliyofunguliwa itupe siku zilizoandikwa zikiisha. Na usimpe mtoto mchanga dawa ya mtu mzima.