Merelanaiti: ndugu wa tanzanaiti asiye na bei

Leo tuongee mawe, ila si yale ya kwenye pete.

Tanzanaiti kila mtu wa Ilala anaijua, hata kama hajawahi kuishika. Ingia kwa sonara yeyote mjini, uliza bei, halafu toka taratibu kama vile umekumbuka kitu nyumbani. Lakini vilima vilevile vya Mirerani vilivyotupa tanzanaiti vimetoa madini mengine yenye jina la palepale, na hayo sijawahi kumsikia mtu akiyataja, si kijiweni, si darasani. Yanaitwa merelanaiti.

Niliyakuta nikitafuta kitu kingine. Nilikuwa nasoma habari za madini ya salfa yanayobeba maji ndani yake, manake ni adimu kweli. Salfa ikishikana na metali kama chuma au risasi, kwa kawaida haikaribishi maji mwilini mwake. Mara nyingi maji yakija pamoja na hewa huiharibu tu, ikaishia kutu na asidi. Ndiyo maana kitu kama erdaiti ya California, yenye sodiamu, chuma, salfa na molekuli mbili za maji, huhesabiwa kuwa kioja. Nikajiuliza, na sie je, tuna salfa gani ya ajabu? Swali likanipeleka Mirerani, kwa salfa ambayo ni kavu kabisa lakini kwa uadimu haina unyonge.

Kwanza turudi 1967, maana huwezi kumwelewa mdogo mtu bila kumjua kaka yake. Mwaka huo mawe ya bluu yalionekana kwenye vilima vya Lelatema, sehemu ambayo leo ni Simanjiro, mkoa wa Manyara. Nani aliyaona kwanza? Hapo watu hugombana mpaka chai ipoe. Wapo wanaomtaja Mmasai Ali Juuyawatu. Wapo wanaomtaja Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha aliyekuwa akizunguka porini kutafuta madini, na ambaye alisajili eneo lake Julai 1967. Na yupo mzee Jumanne Ngoma, ambaye serikali ilimtambua hadharani Aprili 2018, siku Rais Magufuli alipozindua ule ukuta wa kilomita zaidi ya 24 kuzunguka migodi, akampa shilingi milioni 100. Mzee alifariki Januari 2019. Yaani alisubiri nusu karne, akafaidi miezi.

Jina lenyewe halikutoka kwa hata mmoja wao. Kitaalamu jiwe lile ni zoisaiti. Mwaka 1968 duka la vito la Tiffany & Co. la New York liliona zoisaiti ni jina lisilouza, likaliita kwa jina la nchi yetu. Mie sina ugomvi na jina, ni zuri, ila tukumbuke lilizaliwa dukani.

Sasa mdogo mtu. Merelanaiti ilikubaliwa kimataifa kuwa madini mapya na kutangazwa Oktoba 2016, katika jarida la kisayansi liitwalo Minerals. Kiongozi wa kazi alikuwa John Jaszczak wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Michigan, pamoja na wenzake sita, wa hapohapo Michigan, wa Makumbusho ya Historia ya Asili London, wa Firenze Italia na wa Smithsonian ya Washington. Shirikisho la kimataifa la elimu ya madini likaichagua kuwa madini ya mwaka 2016. Dunia nzima! Sijui wewe siku hiyo ulikuwa wapi. Mie sikusikia kitu.

Inafananaje? Usitegemee kung'aa. Ni vinywele vya kijivu cheusi chenye mng'ao wa metali, vimekaa juu ya mawe mengine ndani ya migodi ya tanzanaiti. Unene wake ni makumi ya maikromita, yaani kama unywele wako au chini ya hapo. Urefu mara nyingi haufiki zaidi ya milimita moja, ingawa vichache vimeonekana vyenye milimita 12. Fomula yake ni Mo4Pb4VSbS15: molibdenamu, risasi, vanadi, antimoni na salfa. Imekaa jirani na tanzanaiti, kwatsi, kalisaiti, na madini ya kinywe, yale meusi ya kwenye penseli. Kinachonichekesha ni kwamba jirani zake wengine, stilbaiti na chabazaiti, wamejaa maji ndani. Yeye kakaa katikati yao mkavu.

Utamu uko kwenye umbo. Kila kinywele ni tabaka mbili zinazopishana, kisha zote zimejikunja kama mkeka uliobebwa begani. Tabaka moja limepangwa kama molibdenamu salfaidi. Hii unaijua hata kama hujui kwamba unaijua: nenda Gerezani kwenye maduka ya spea, uliza grisi nyeusi ya jointi za magari, mara nyingi weusi wake ndio huo. Tabaka la pili limepangwa kama risasi salfaidi, yaani galena, jiwe ambalo tangu enzi za Misri ya kale husagwa kuwa wanja. (Na kwa sababu hiyo wanja wa jiwe si wa kumpaka mtoto, risasi ni sumu.) Kwa hiyo chukua tabaka la grisi, tabaka la wanja, tena grisi, tena wanja, nyembamba kiasi kwamba kila moja ni atomu chache tu. Sasa vipimo vya tabaka hizi mbili havilingani. Ukishona kitambaa kinachovutika na kisichovutika vikawa kimoja, nguo inajikunja yenyewe, fundi yeyote wa Mtaa wa Kongo atakwambia. Ndivyo inavyoelezwa kwa ukoo mzima huu, ambao mkubwa wao ni silindraiti ya Bolivia, iliyotambuliwa tangu 1893.

Na kuitambua si mchezo. Ukiipiga eksirei, salfa, molibdenamu na risasi hutoa mistari iliyobanana karibu mahali pamoja, hivyo kwa kipimo cha harakaharaka unaweza kudhani umeona molibdenaiti ya kawaida ukaendelea na safari. Walihitaji kuikata, kuing'arisha, kuipima kipengele kwa kipengele na kuitazama kwa hadubini ya elektroni mpaka tabaka zenyewe zikaonekana.

Imetokeaje hapo na si Pugu? Miamba ya Mirerani ilianza maisha ikiwa tope chini ya bahari ya kale, tope jeusi lililojaa mabaki ya viumbe na lisilo na hewa. Tope la aina hiyo hunyonya salfa, vanadi na molibdenamu kutoka majini. Baadaye mabara yalipogongana, tope likafukiwa chini sana, likapikwa na kukandamizwa. Mabaki ya viumbe yakawa kinywe. Vanadi ikaingia kwenye zoisaiti na kuipa ule ubluu, kazi iliyofanyika takriban miaka milioni 585 iliyopita. Vanadi hiyohiyo iko ndani ya merelanaiti. Kwa hiyo tunaposema ni ndugu hatupambi maneno. Damu ni moja, mmoja akaenda New York na mwingine hakuna aliyemwona kwa miaka karibu hamsini.

Sasa jina, jambo lililonifanya niandike yote haya. Waliolitoa walisema linatokana na mahali, na pia ni heshima kwa wachimbaji wa pale. Sisi tuna nyerereaiti ya Oldoinyo Lengai, ambayo ni heshima kwa Mwalimu, na pembeni yake kuna gregoriaiti, heshima kwa mwanajiolojia Mwingereza. Kupewa jina la rais au la profesa ni kawaida katika fani hii. Kupewa jina kwa ajili ya watu wanaoshuka shimoni na tochi kichwani ni nadra. Na watu hao wamelipa. Mvua za Aprili 1998 ziliingia mashimoni zikawazamisha wengi, Machi 2008 ikawa vilevile, makumi ya vijana hawakupanda tena. Kuna waliookota bahati: Saniniu Laizer, Juni 2020, mawe mawili ya kilo 9.27 na 5.1, serikali ikamlipa shilingi bilioni 7.7. Huyo tunamjua jina na picha. Wale wa 1998 wengi wetu hatuwezi kumtaja hata mmoja.

Sie watu wa Ilala tunalo jina la namna hiyo mdomoni kila siku bila kufikiri. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika vita vya kwanza vya dunia. Waliobeba risasi na vyakula mpaka wakafa njiani hawana majina kwenye bango lolote pale sokoni, lakini kazi yao ndiyo jina la mtaa. Merelanaiti naiona hivyohivyo. Inaheshimu wote kwa pamoja, haimtaji yeyote. Kati ya waandishi saba wa ile makala pia hakuna Mtanzania. Silalamiki kwamba wameiba, wamefanya kazi ngumu na jina wamelitoa kwa adabu. Nasema tu kwamba vinywele hivi vilipita kwenye mikono yetu kwanza, na kwa dalali havikuwa na maana. Atanunuaje kitu kisichoonekana bila lenzi?

Halafu kuna hili la tahajia. Mji wenyewe tunauandika Mirerani. Wageni wanaandika Merelani, na madini yamebeba ya wageni. Ukitaka kuyatafuta mtandaoni andika merelaniite, ukiandika kwa i ya kwetu hupati kitu.

Makala yenyewe ya 2016 iko wazi, kuisoma ni bure. Kama kemia inakutisha ruka hesabu zote, nenda moja kwa moja kwenye picha za hadubini. Utaona mkeka.