Kurekodi michezo ya video: Mambo yasiyoonekana nyuma ya kamera

KILA siku mamilioni ya watu kote duniani hutazama video za wenzao wakicheza michezo ya video katika mtandao wa YouTube. Mtazamaji huona mambo mawili tu: mchezo wenyewe uliojaza skrini, na uso wa mchezaji katika pembe moja, akicheka, akilalamika au akieleza mbinu anazotumia. Picha huwa safi, sauti husikika vyema, na yote huonekana kama kazi ya mtu aliyeketi tu, akawasha mtambo na kuanza kucheza.

Nyuma ya picha hiyo kuna taa, nyaya, vipaza sauti, programu za tarakilishi na saa nyingi za maandalizi. Kijana aliye Masimba, wadi iliyo katika eneobunge la Nyaribari Masaba, Kaunti ya Kisii, anaweza kuzitazama video hizo sawa na mwenzake wa Nairobi au London. Lakini akitaka kutengeneza zake, atakumbana na mambo ambayo mwenzake wa London hayafikirii: mvua juu ya mabati, umeme unaopotea ghafla, na gharama ya kupakia faili kubwa.

Suala hili si la mchezo tu. Mara nyingi fedha za kununulia vifaa hutoka kwa mzazi, pengine katika bonasi ya majani chai yaliyouzwa kwa kiwanda kama kile cha Kiamokama. Anayeanza kwa kununua kamera ya bei ghali kwa kuwa ndicho kifaa alichokiona anaweza kujikuta na picha nzuri isiyotazamwa na mtu, kwa sababu sauti yake haisikiki. Makala haya yanaeleza jinsi video hizo zinavyorekodiwa, na ni kifaa gani kinachofaa kutangulia.

CHIMBUKO LAKE

YouTube ilianzishwa mwaka wa 2005 nchini Marekani na kununuliwa na kampuni ya Google mwaka uliofuata. Mmarekani Michael Sawyer, ajulikanaye pia kama Slowbeef, hutajwa kuwa miongoni mwa waanzilishi wa mtindo wa kurekodi mchezo huku mchezaji akiueleza kwa sauti yake. Alianza kufanya hivyo mwaka wa 2007.

Felix Kjellberg wa Uswidi, kwa jina la usanii PewDiePie, alifungua ukurasa wake mwaka wa 2010. Kufikia Agosti 2019, ukurasa huo ulikuwa umepata wafuasi milioni 100. Nchini Kenya, Sylvia Gathoni, maarufu kama Queen Arrow, alijipatia sifa katika mchezo wa Tekken na kusajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka wa 2018.

KUNASA MCHEZO

Kuna njia tatu kuu za kunasa picha ya mchezo. Njia kongwe ni kuielekeza kamera kwenye runinga. Ni rahisi, lakini picha hufifia, mwanga wa dirishani huakisiwa kwenye kioo, na runinga za zamani zenye mgongo mpana huonyesha mistari inayopanda na kushuka. Njia hii sasa imeachwa na wengi.

Njia ya pili ni kurekodi kwa kutumia kifaa kilekile kinachochezewa. Mtambo wa PlayStation 4, uliotolewa mwaka wa 2013, ulikuja na kitufe maalumu cha kurekodi. Simu za iPhone zilipata uwezo wa kurekodi skrini katika toleo la iOS 11 mwaka wa 2017, na zile za Android zikaupata rasmi katika toleo la 11 mwaka wa 2020. Aidha, Android toleo la 10 la mwaka wa 2019 ndilo lililoruhusu programu kunasa sauti ya mchezo moja kwa moja kutoka ndani ya simu. Kabla ya hapo, sauti ilinaswa kwa kipaza sauti cha simu, pamoja na kelele zote za chumbani. Kwa anayechezea kwenye simu, hii ndiyo njia isiyomgharimu chochote.

Njia ya tatu hutumia kifaa kidogo kiitwacho kadi ya kunasa. Waya wa HDMI hutoka kwenye mtambo wa mchezo na kuingia kwenye kadi. Kadi hugawanya picha: nakala moja huenda kwenye runinga ili mchezaji aendelee bila kuchelewa, na nyingine huenda kwenye tarakilishi ili irekodiwe. Wanaotumia PlayStation 4 au 5 hulazimika kwanza kuzima kizuizi kiitwacho HDCP katika mipangilio ya mtambo, la sivyo picha haitaonekana kwenye tarakilishi. Wengi huiona skrini nyeusi na kudhani kuwa kadi waliyouziwa ni mbovu.

Katika tarakilishi, programu inayotumiwa na wengi ni OBS Studio, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 2012 na haiuzwi. Programu hiyo huunganisha picha ya mchezo, picha ya uso na sauti. Wenye uwezo hutumia tarakilishi mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya kurekodi, ili mzigo wa kurekodi usiufanye mchezo ukwamekwame. Anayeanza hahitaji mpangilio huo.

USO NA MWANGA

Kamera ndogo ya tarakilishi au simu iliyowekwa juu ya kitabu yatosha kuonyesha uso, kwani picha yenyewe hukaa katika pembe ndogo ya skrini. Jambo lenye uzito zaidi ni mwanga. Kamera ya kawaida iliyo kwenye mwanga mzuri huishinda kamera ghali iliyo gizani. Mchana, mchezaji aelekeze uso wake dirishani. Akilipa dirisha mgongo, atageuka kivuli.

Usiku huzuka tatizo ambalo maelekezo mengi kutoka Marekani hayalitatui. Umeme wa Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali ule wa Marekani hukamilisha 60. Kwa hivyo balbu nyingi za hapa nchini humeta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, bali kamera huona, na mistari ya giza hupita juu ya picha. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya kamera na kuchagua 50 badala ya 60, au kuiweka kasi ya shata katika sehemu moja ya 100 ya sekunde. Marekebisho hayo hayana gharama.

Wachezaji ambao sura yao huonekana ikielea juu ya mchezo bila ukuta nyuma yao hutumia kitambaa cha kijani. Programu huambiwa ifute kila kilicho cha rangi hiyo. Kitambaa cha kawaida cha dukani chafaa, mradi kinyooshwe kisiwe na mikunjo, kimulikwe sawasawa, na mchezaji akae hatua moja au mbili mbele yake ili kivuli chake kisikiangukie. Asivae nguo ya kijani, kwani kifua chake kitatoweka pamoja na ukuta.

SAUTI NDIYO MSINGI

Watazamaji huvumilia picha hafifu, lakini sauti ya kukwaruza huwafukuza upesi. Hapa ndipo makao ya mchezaji yanapoleta tofauti kubwa. Nyanda za juu za Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati. Mvua ya alasiri ikianza kunyesha, hakuna kipaza sauti kitakachoitenganisha kabisa na sauti ya msemaji.

Wengi huamini kwamba trei za mayai zikibandikwa ukutani zitazuia kelele. Hizo hazizuii. Kuna mambo mawili ambayo hayafai kuchanganywa. La kwanza ni mwangwi, yaani sauti ya msemaji inayogonga ukuta wa saruji na kumrudia. Mwangwi hupunguzwa na vitu vizito na laini kama vile godoro, blanketi, pazia nene na kabati lililojaa nguo. La pili ni kelele inayoingia kutoka nje. Hiyo huzuiwa na ukuta mzito, dari na milango iliyofungwa vizuri, wala si blanketi. Chumba chenye dari chini ya mabati ni afadhali kuliko kisicho nayo, lakini suluhisho la uhakika ni kuchagua saa. Mara nyingi asubuhi huwa na utulivu kuliko alasiri katika msimu wa mvua, na siku ya soko si siku ya kurekodi kwa anayeishi kando ya barabara.

Kipaza sauti kiwekwe karibu na mdomo, umbali wa shibiri moja hivi, kikielekezwa pembeni kidogo ili pumzi isikipige. Kikiwa mbali, itabidi sauti iongezwe, na kelele za chumba zitaongezeka pamoja nayo. Vipaza sauti vya aina ya dainamiki hunasa kelele za mbali kwa uchache kuliko vile vya kondensa, hivyo vinafaa zaidi katika nyumba zenye kelele, ijapokuwa kondensa ndizo zinazosifiwa sana madukani.

Aidha, sauti ya mchezo na ile ya mchezaji zirekodiwe katika njia mbili tofauti, jambo ambalo OBS huliruhusu. Mlio wa bunduki ukiyafunika maneno, mhariri ataupunguza bila kuigusa sauti ya msemaji. Iwapo uso unarekodiwa kwa simu tofauti, mchezaji apige kofi moja mwanzoni. Mlio huo ndio utakaotumiwa kulinganisha picha na sauti wakati wa kuhariri.

UMEME UKIPOTEA

Mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikumbwa na giza kwa saa nyingi, na hali kama hiyo ikajirudia Novemba na Desemba mwaka huohuo. Hata bila kukatika kwa umeme nchini kote, kupotea kwake kwa dakika chache ni jambo la kawaida mashambani. Kwa mwenye kurekodi, sekunde moja yatosha kupoteza kazi ya saa tatu.

Kuna kinga isiyouzwa. Faili ya aina ya MP4 hukamilishwa mwishoni mwa kurekodi, kwa hiyo umeme ukikatika kabla ya hapo, huenda faili nzima isifunguke. Faili ya aina ya MKV huhifadhi kila kilichokwisha kunaswa hadi sekunde ya mwisho, na OBS inaweza kuigeuza kuwa MP4 baadaye. Arekodiye na achague MKV, na agawanye kazi yake katika vipande vya nusu saa. Tarakilishi ya kupakata, ambayo ina betri yake, ni salama kuliko ile ya mezani. Mwenye ya mezani ahitaji kifaa cha akiba ya umeme, maarufu kama UPS, ambacho humpa dakika za kutosha kufunga kazi.

KUPAKIA MTANDAONI

Video ya saa moja iliyorekodiwa kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde huchukua takriban gigabaiti 3.6. Kwa intaneti inayopakia megabiti 5 kwa sekunde, kuipandisha huchukua dakika 96 iwapo mawimbi hayayumbi. Anayetegemea vifurushi vya simu afanye hesabu hiyo kabla ya kurekodi. Njia ya busara ni kuhariri kwanza: saa moja ya mchezo huweza kupunguzwa hadi dakika 12 zenye mvuto, na gharama ya kupakia ikashuka kwa kiasi hichohicho.

MAPATO NA SHERIA

Mlango wa kulipwa kwa matangazo haufunguki siku ya kwanza. Tangu mwaka wa 2018, YouTube hudai wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Hata baada ya kukubaliwa, malipo hayatumwi mpaka yafikie dola 100. Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 ilianzisha ushuru wa asilimia 5 unaokatwa kwenye malipo ya wakazi wanaojipatia fedha kutokana na kazi za mitandaoni. Pendekezo la awali lilikuwa asilimia 15.

Aidha, mwenye kurekodi katika vyumba vya michezo sokoni, ambako vijana hulipa ili kucheza kandanda ya runinga, akumbuke Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Sura ya mtu ni data yake, hivyo ni lazima aombwe ruhusa kabla ya kuanikwa mtandaoni, na kwa mtoto ruhusa hutolewa na mzazi au mlezi. Pia, nyimbo zilizo ndani ya baadhi ya michezo zina wenyewe, na mfumo wa YouTube huzitambua. Mapato ya video yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Michezo mingi ina mahali pa kuzima muziki, na inafaa uzimwe.

KIPI KITANGULIE?

Kutokana na hayo, mpangilio wa ununuzi unajitokeza. Aliye na simu inayorekodi skrini ana kifaa cha kwanza tayari. Fedha za kwanza ziende kwenye kipaza sauti, za pili kwenye akiba ya umeme au uhifadhi wa faili, za tatu kwenye taa. Kadi ya kunasa inafuata kwa yule tu anayechezea kwenye mtambo wa runinga. Kamera ya bei ghali ije mwisho, ikiwezekana kwa fedha zilizotokana na video zenyewe.

Mzazi anayeombwa fedha hizo naye ana swali moja la kuuliza: je, kijana huyu ameshatengeneza video kumi kwa simu aliyo nayo? Aliyezitengeneza anajua anachokosa, na atakieleza kwa jina. Ambaye hajatengeneza hata moja bado hajajua anahitaji nini, na duka halitamwambia.