Majedwali ya Yangambi na Disketi za Kompyuta

Yangambi iko kando ya mto Kongo, yapata kilomita 100 chini ya Kisangani. Hapo Wabelgiji waliweka makao makubwa ya INEAC, shirika la uchunguzi wa kilimo lililoundwa mwaka 1933. Wengi waijua Yangambi kwa sababu ya michikichi: mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionyesha ya kuwa mchikichi uitwao tenera, wenye kokwa ya ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta, ni mtoto wa dura na pisifera. Lakini leo twataka kusimulia kazi nyingine ya mahali pale, isiyo na sifa nyingi.

Tangu mwaka 1937 hata miaka ya mwisho ya 1950, watu walikuwa wakipita msituni kila wiki kutazama miti ile ile, ipatayo 2,000. Huu umechanua, ule unazaa, wa tatu waangusha majani. Yote yaliandikwa, kisha yakapangwa katika majedwali makubwa kwa mistari ya mkono. Kazi ya kuchosha kweli! Aliyetazama mti mmoja kwa miaka kumi pengine hakuona hata mara moja faida ya kuutazama.

Ikaja 1960 na uhuru, ikaja 1964 na vita. Stanleyville ikaitwa Kisangani mwaka 1966. Wataalamu wengi walikwisha kwenda zao, na karatasi zikakaa.

Katika miaka ya 2010 mwanasayansi Koen Hufkens aliyafufua majedwali hayo. Yalipigwa picha, na picha zikawekwa kwenye intaneti chini ya jina la Jungle Rhythms, ili watu wa kujitolea wa nchi nyingi wasome mistari na kuihesabu. Picha moja husomwa na watu kadhaa, kisha majibu yao hulinganishwa, kwani jicho la mtu mmoja huchoka. Kazi nyingine iitwayo COBECORE ilishughulikia majedwali ya mvua na joto yaliyoandikwa katika vituo vya INEAC. Faida yake ni nini? Mtu akisema leo ya kuwa miti ya Tshopo yabadili majira yake, tutamwuliza: kuliko lini? Pasipo majedwali yale hana la kujibu.

Sasa fikirini jambo hili. Karatasi ya 1937 yasomeka kwa macho tu. Je, hesabu zilizoandikwa kwa kompyuta mwaka 1988 zasomeka? Miaka ile ofisi nyingi za Afrika zilianza kuacha madaftari na kutumia disketi. Disketi ni kisahani chembamba cha plastiki kilichopakwa unga wa chuma, na maandishi yake ni alama za sumaku ambazo jicho haliwezi kuziona. Ile ndogo ya kawaida, iliyoenea tangu 1987, yabeba megabaiti 1.44, yaani pungufu ya picha moja ya simu ya leo. Sony, kampuni kubwa iliyozitengeneza, iliacha kuziuza mwaka 2011.

Na adui yake twamjua vizuri sisi tukaao penye joto na unyevu: kuvu. Ikiota juu ya kisahani, kichwa cha mashini huikwaruza pamoja na ule unga, na maandishi hupotea kabisa. Kwa hiyo aliye na disketi za zamani asizitie upesi katika mashini ili aone tu. Kwanza azitazame mwangani, akifungua kidogo kile kifuniko cha chuma. Zenye madoa zisafishwe na fundi. Kisha kila moja isomwe mara moja, yote tangu mwanzo hata mwisho, na nakala nzima iwekwe mahali pawili. Kuchambua maandishi kutafanywa katika nakala, wala si katika disketi yenyewe.

Kompyuta kuukuu nayo yataka subira. Mara nyingi ndani yake mna betri ndogo iliyovuja na kula nyaya za shaba. Fundi mwenye akili huifungua kwanza, huiondoa betri, husafisha, hupima umeme, ndipo huiwasha. Akiiwasha kwanza, huenda akaiunguza mashini pekee iwezayo kusoma disketi zile.

Twaona basi ya kuwa wale wa Yangambi walikuwa na bahati ambayo warithi wao hawanayo. Karatasi yaweza kungoja miaka themanini juu ya rafu. Disketi ya zahanati, ya shule au ya shamba la kahawa haingoji hivyo, na wale waliojua jinsi ya kuendesha programu zake wanazeeka. Yafaa waulizwe sasa, wangali hai, na makabati yafunguliwe kabla ya masika mengine.