Bonyeza 66722 umpate Moraa

Wasee, tafuta "Moraa" kwa simu yako. Wako wangapi? Huku kwetu Itumbe jina moja lina watu kibao, ndiyo maana tunasevu "Moraa Maziwa", "Mama Moraa", "Moraa wa Keroka". Kusevu ni rahisi, kazi ni kumpata haraka.

Enzi za simu ya jamii, namba ulizikariri au uliziandika kwa karatasi. Nokia 1100 ilipotoka 2003, mulika mwizi ikashika mitaa. Laini ilibeba majina kama 250 hivi, na ukibonyeza M unarukia M, kisha unashuka moja moja. Mwaka 2011 IDEOS ya Huawei ikauzwa Kenya kwa takriban shilingi 8,000, na wengi wakaonja Android mara ya kwanza. Mwaka 2013, Android 4.3 ikaleta utamu: pale pa kupigia simu, bonyeza 66722 na Moraa anatokea, kwa sababu kila namba ina herufi zake.

Lakini si kila programu ya kupiga simu inaweza hivyo. Kabla hujavutiwa na rangi, ijaribu na "Mama Moraa". 66722 ikimleta hata kama Moraa ni jina la pili, baki nayo. Na ikidai intaneti ndiyo itafute majina yaliyo ndani ya simu yako, ifute.

Usiku shosh akizidiwa na unamtaka "Boda Moraa" sasa hivi, hutakuwa na muda wa kushuka moja moja.